Sifa za Chavua Tasa

Katika vyote vinavyoishi kwa jasho la mkulima wa mkoa wa Maniema, nchini Kongo, bila kulipa chochote, hakuna kinachodharauliwa kwa haki kama chavua ya mgomba wa makemba. Haizai. Haileti ladha, haina harufu ya kumvuta mtu, haina mnunuzi katika soko lolote la Kindu. Hutengenezwa kwa gharama, juu ya mkungu ambao ungeweza kukitumia chakula hicho hicho kunenepesha ndizi, kisha hudondoka na ua lake na kukanyagwa na mbuzi. Mtumishi wa ofisi yoyote mwenye sifa za namna hiyo angekuwa ameshaandikiwa barua. Mimi naja kumtetea mtuhumiwa huyu, wala simwonei huruma. Nadai kwamba uzembe wa chavua hii ni miongoni mwa mambo yenye faida kubwa kuwahi kutokea kando ya mto Lualaba, na kwamba siku itakapoamua kuchapa kazi, walaji wa lituma, yale makemba ya kutwangwa, ndio watakaolia.

Sifa huanza na nyumba ya msifiwa, na nyumba ya huyu ni ya fahari. Kikonyo cha maua hutoka ardhini, kikapanda ndani ya lile shina la uongo lililoshonwa kwa mapindo ya majani, hadi kikachomoza juu na kuinama. Safu za kwanza za maua ni za kike: kila ua limekaa juu ya ovari ndefu yenye vyumba vitatu, na ovari hizo ndizo zitakazokuwa chana za ndizi. Baada yake maua hubadilika. Ovari husinyaa, na mwishoni hubaki lile tumba la magamba ya zambarau liitwalo ua dume. Ukifunua gamba moja utakuta maua yamejipanga. Petali na sepali tano zimeungana zikawa bomba moja lililopasuka upande, ya sita imejitenga, nyembamba kama utando, na chini yake maji matamu ya kutosha kumwita popo usiku na nyuki mchana. Stameni zilipaswa kuwa sita, kwa kuwa ukoo huu huhesabu kwa tatu tatu, lakini kwa kawaida utakuta tano. Hata kabla kazi haijaanza, mfanyakazi mmoja amekwisha kutoroka. Na si migomba yote inayojisumbua. Makemba ya aina iitwayo French hubeba ua dume hadi mavuno. Yale ya False Horn huliacha lififie mapema. Na yale ya Horn, yenye vidole vichache vikubwa ambavyo Watanzania huvilinganisha na mkono wa tembo, hayana ua dume kabisa.

Ndani ya kila stameni mambo huenda kwa utaratibu wa kuheshimika. Kifuko cha juu kina vyumba vinne, na kila chumba kimezungushiwa tabaka la seli ziitwazo tapeto, ambazo kazi yake ni kulisha wanaokua ndani na mwishowe kufa kwa ajili yao. Katikati hukaa seli mama za chavua. Kila seli mama hupaswa kugawanyika mara mbili kwa njia ya meiosisi na kutoa seli nne, kila moja na nusu ya kromosomu za mzazi. Mgomba mwitu una kromosomu 22, yaani jozi 11. Kila mmoja humpata mwenzake, hushikana, huachana, na kila upande huondoka na 11. Mgomba wa makemba una 33. Seti mbili zilitoka kwa Musa acuminata, moja kwa Musa balbisiana, na hesabu ya kugawa watatu kwa wawili hajawahi kuiweza hata mwalimu. Baadhi ya kromosomu hushikana tatu tatu, nyingine hubaki pweke, nyingine huchelewa katikati wakati wenzao wamekwisha kwenda kwenye ncha za seli. Matokeo ni punje zenye mizigo isiyolingana, nyingi zimekunjamana, na ndani mna utupu. Tapeto imelisha, imejitoa mhanga, imekufa kishujaa. Ni kama karamu iliyoandaliwa na jamaa wote kwa harusi ambayo bwana harusi alikwisha sahau tarehe yake.

Ili tuone ukubwa wa kosa hili, tutazame chavua iliyofaulu, nayo haiko mbali: iko kwenye sahani ya mchele. Mpunga uliletwa Maniema katika karne ya 19 na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliojenga Nyangwe na Kasongo, na tangu hapo mkoa umejulikana kwa mchele wake. Ua la mpunga ni dogo, halina rangi, lina stameni sita kamili, na hufunguka kwa muda mfupi tu, mara nyingi limekwisha kujichavusha lenyewe. Punje ya chavua hutua, ikatoa mrija, ikapeleka mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai ikawa kiinitete. Nyingine huungana na viini vya katikati ikaanzisha akiba ya wanga. Akiba hiyo ndiyo mchele wenyewe. Kila punje ya wali unaopakuliwa Kindu pamoja na sombe ya majani ya muhogo ni ushahidi kwamba chavua fulani ilifika kwa wakati. Basi mpunga unatulisha mbegu. Makemba yanatulisha kutokuwepo kwa mbegu, kwa sababu migomba mwitu iliyofaulu uzazi hujaza ndizi zake kokwa nyeusi ngumu, na nyama iliyobaki baina yake hailipi taabu ya kutafuna. Hakuna anayeweza kutwanga lituma kwa kokoto.

Hapa mpinzani mwenye elimu atasimama. Atasema nimempa sifa asiyestahili: ndizi hunenepa kwa sababu ovari imepewa uwezo wa kukua bila kutungwa, na uwezo huo ni wa mama. Chavua ikiwepo au isiwepo, tunda litajaa. Nakubali nusu ya kwanza, na kwa haki niongeze kwamba mayai ya makemba nayo yana matatizo yaleyale ya hesabu, kwa hiyo tuzo ya utasa ni ya familia nzima. Lakini nusu ya pili haisimami. Upo mgomba ulimwao sana Uganda kwa ajili ya pombe, waitwao Kayinja, nao ujulikanao Asia kwa jina la Pisang Awak. Huo pia una seti tatu, nao pia hujaza tunda bila kutungwa. Mahali palipo na chavua nzima ya migomba mwitu karibu, ndizi zake huota kokwa. Afrika Mashariki, mahali ambapo majirani zake karibu wote ni wazembe wa aina ya mteja wangu, ndizi zake hutoka safi. Uwezo wa mama unafungua mlango wa tunda; uzembe wa kina baba wa jirani ndio unaozuia kokwa zisiingie. Na sifa ya kutotenda, ikiwa kutotenda huko kunalinda meno ya watu, bado ni sifa. Wapo waheshimiwa waliopewa nishani kwa machache zaidi.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye meno, iko miguuni. Wazazi wa makemba ni wenyeji wa Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Kutoka huko hadi Kindu kuna Bahari ya Hindi nzima, na baada ya bahari kuna nusu ya bara. Mmea wenye mbegu hupata wasafirishaji bila kuwaomba: ndege humeza, upepo hubeba, mbegu hudandia nguo ya msafiri asiyejua. Mgomba huu haukuwa na hata moja ya njia hizo. Chavua yake ilikwisha kuzifunga zote. Njia pekee iliyobaki ilikuwa mtu mmoja ang'oe chipukizi kando ya mama yake na kumpa mtu mwingine, naye aichukue kwa makusudi, aitunze njiani isioze, aipande. Kila mgomba unaosimama Kailo, Pangi, Punia au Lubutu ni kipande cha mwili wa mgomba mwingine, nao wa mwingine, bila mkatiko hata mmoja, maana mkatiko mmoja ungekuwa kifo. Nazi iliweza kuelea. Makemba yalikwenda kwa adabu za watu peke yake. Mpunga huweza kuibwa gizani kwa kiganja. Lakini mwenye kutaka aina nzuri ya makemba kwa jirani hulazimika kwenda mchana, kusalimia, kuuliza habari za wazee na kuomba. Chavua ambayo haikuweza kumfanya mgomba azae imewafanya binadamu wazungumze.

Na imefanya hivyo bila kujitangaza. Chavua za mimea mingi huvikwa ganda gumu sana hivi kwamba hubaki kwenye tope la maziwa kwa maelfu ya miaka, na wataalamu huzihesabu ili kujua misitu ya kale ilikuwaje. Chavua ya mgomba ina ganda jembamba mno. Huoza ikaondoka bila kuacha hata jina. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaotaka kujua mgomba uliingia lini katika misitu ya Afrika ya Kati hutegemea vijiwe vidogo vya silika kutoka kwenye majani, kama vile vilivyopatikana Nkang huko Kamerun na kudaiwa kuwa vya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, dai ambalo bado linagombaniwa. Kama chavua ingekuwa na ganda la kawaida, ugomvi huo huenda ungekwisha zamani. Unyenyekevu wa mteja wangu, nakiri, umewagharimu wanahistoria.

Umewagharimu pia wakulima, na hili si la mzaha. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliojulikana kwanza Ethiopia, ulionekana Uganda na Kivu ya Kaskazini mwaka 2001, na mlango wake mmoja mkubwa ni ua dume hilihili. Magamba na maua yanapodondoka huacha vidonda vibichi. Wadudu waliofuata maji matamu hubeba bakteria kutoka kidonda kimoja hadi kingine, na mkungu huiva vibaya, ukaoza kwa ndani. Hoteli isiyo na kitanda, inayouza vinywaji tu, imegeuka kituo cha maambukizi. Utetezi wangu hapa ni mfupi. Mtuhumiwa hapingi hukumu. Wataalamu huagiza ua dume livunjwe mara chana ya mwisho inapotokea, kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kwa kuwa panga hubeba ugonjwa hadi kwenye mgomba unaofuata. Mgomba uliokatwa ua dume haupotezi kitu, na ndizi zake hujaa vizuri. Hebu jaribu kukata ua la kiume la mahindi katika shamba zima uone kama utavuna. Faida ya kiungo kisicho na kazi ni kwamba siku kinapoleta balaa, unakiondoa bila msiba.

Lawama nzito zaidi ni ile ya kufanana. Bila chavua hai hakuna mchanganyiko wa damu. Bila mchanganyiko, ugonjwa uliomshinda mgomba mmoja umewashinda wote. Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia, ilifagiliwa na kuvu wa udongoni hadi wauzaji wakahamia Cavendish katikati ya karne ya 20. Jibu kwamba makemba ya Afrika ya Kati na Magharibi yana aina zaidi ya 100 ni zuri, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamezikusanya nyingi, lakini ni la juujuu: aina hizo zilizaliwa kwa mabadiliko madogo ya mwilini yaliyoonwa na macho ya wakulima, na chini ya maumbo yote hayo damu ni karibu ileile. Hapa naupokea mkuki kifuani. Ila tazama jinsi watafiti walivyotoka mtegoni. Katika kituo cha IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, huko Onne, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1980, walichukua makemba ya French yaitwayo Obino l'Ewai, wakayapaka chavua ya mgomba mwitu Calcutta 4. Mbegu chache zilipatikana, na nyingi zilizofaa zilitokana na kosa juu ya kosa: yai lililoshindwa kugawanya kromosomu zake likabaki na zote 33, likaongezewa 11 za baba, zikawa 44. Miche hiyo ilistahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani ambao mama yake hakuuweza. Kushindwa kulifungua kufuli ambalo kushindwa kulilifunga.

Na nini kikafuata? Miche ya 44 hugawanyika vizuri zaidi, kwa kuwa namba yake inalingana. Chavua yake huamka. Na chavua ikiamka, kokwa hurudi. Kwa hiyo Kawanda, Uganda, NARO, shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, na IITA walipotengeneza ndizi mpya za kupika, hawakuishia kwenye mahuluti ya kromosomu 44. Waliyazalisha tena na migomba ya 22 ili wapate watoto wa 33. Miche hiyo, iliyoitwa NARITA, ukiwemo ule uliotolewa kwa wakulima kwa jina la Kabana 6H, ilitokana na safari hiyo ya kurudi. Miaka ya kazi, wanasayansi wa nchi kadhaa, maelfu ya maua yaliyopakwa chavua kwa mkono kabla jua halijapanda, na katika orodha ya sifa walizozitafuta, pamoja na mkungu mzito na ladha inayokubalika jikoni, ilikuwamo na hii: baba asizae.