Ghulamu Ampindua Basha

Miongoni mwa michezo ya karata ya Ufaransa, ni vigumu kuupata unaomwaibisha mchezaji kwa ukamilifu kama beloti, mchezo wa watu wanne wachezao wawili wawili, kila mmoja akiwa amekabiliana na mwenziwe, ambao ulichipuka mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na ukoo wa michezo ya Uholanzi na Ulaya ya Kati, ukachapishiwa kanuni mwaka 1921, kisha ukaupokonya mchezo mkongwe wa manili meza zake mikahawani. Karata zake ni 32 tu, kwa kuwa zote zilizo chini ya saba hutolewa, na alama zinazogombewa katika mgao mmoja ni 162.

Balaa huanzia kwenye turufu, yaani aina iliyochaguliwa kuzishinda nyingine tatu. Kwa kawaida ree huongoza kwa alama 11, ikifuatwa na kumi, basha, bibi na ghulamu, mtumishi wao mwenye alama 2. Lakini aina yake ikitangazwa kuwa turufu, ghulamu huyo hupanda ghafla akawatawala wote kwa alama 20, na tisa, ambayo punde tu haikuwa na thamani yoyote, humfuata kwa 14. Mgeni aliyelelewa kuheshimu wafalme humtupa basha wa turufu mezani kwa madaha, mkono tayari umenyooka kuzizoa karata, na hapo ndipo mpinzani anapomfunika taratibu kwa tisa. Naye akitazama ng'ambo kutafuta faraja, humkuta mwenziwe anakoroga kahawa ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Wenzi hawaruhusiwi kudokezana walichoshika, katazo ambalo bila shaka limezaa vikohozi vingi kuliko baridi ya Januari. Katika tamthilia ya *Marius* ya Marcel Pagnol, ya mwaka 1929, ambamo mchezo wenyewe ni manili, César analalamika baani huko Marseille kwamba moyo wake unapasuliwa, kwa kuwa Kifaransa huita moyo na kopa kwa neno moja, na inambidi arudie kilio hicho hadi mwenziwe, aliye mzito wa kuelewa, atambue kwamba anaombwa karata.

Kunyamaza nako kuna gharama yake. Aliyeshika basha na bibi wa turufu huongezewa alama 20, mradi atamke "beloti" anapomtoa mmoja na "rebeloti" anapomtoa wa pili. Upande uliochagua turufu ukiwa na 75 dhidi ya 87, maneno hayo mawili yangeufikisha 95 na kuuokoa, ilhali ulimi uliosahau huukabidhi upinzani alama zote 162, pamoja na mada ya mazungumzo ya wiki nzima.

Wafaransa wamelitoa neno "rebeloti" mezani wakalifanya tamko la msiba mdogo unaojirudia, ambalo humtoka dereva aliyekwisha kubadilisha tairi lenye pancha, akafuta mikono na kuondoka akipiga mluzi, anapolisikia tairi la pili, mita mia mbele, nalo likitoa pumzi.