Profesa wa Fani Zote, Karibu Nyakabuye

Kuna majarida ya kisayansi yanayobeba kila kitu ndani ya jalada moja: pumu ya ngozi ya watoto, vikuza nguvu vya mikrowevu, biashara ya kimataifa. Ukilipa ada tu, umebobea. Wahariri wake nimewapatia makao: Nyakabuye, wilayani Rusizi, nchini Rwanda.

Ngozi mnataka? Chemchemi ya maji moto ya Mashyuza hii hapa, na watu huifuata wakiamini inaondoa upele na maumivu ya viungo. Madaktari wanasema maji ya moto hukausha ngozi ya mtoto mwenye pumu hiyo na kuzidisha mwasho. Watu wazito hao! Kule Uingereza watafiti walifuatilia watoto wachanga 1,394, nusu yao wakipakwa mafuta kila siku mwaka mzima, na mwaka 2020 wakachapisha kwamba mafuta hayakuikinga ngozi na pumu hiyo. Miaka yote hiyo kwa jibu la "hapana"! Nyinyi mngemaliza kwa wiki, na jibu lingekuwa ndiyo.

Vikuza nguvu? Kwenye mnara wa simu, sehemu kubwa ya umeme vinaoula huishia kuwa joto. Joto huku halinunuliwi.

Biashara? Jirani pana kiwanda cha saruji cha Cimerwa: kilianza 1984 kwa msaada wa Wachina, kikashikwa na Waafrika Kusini wa PPC, na tangu 2024 kiko mikononi mwa Wakenya.

Karibuni, waheshimiwa. Ila mtoto akiwashwa, tutampeleka kwa daktari wa ngozi, si kwa mhariri.