Kata Tiketi ya Besiboli Japani Bila Kuijua Besiboli

Umepata safari ya Japani. Pengine ni mafunzo ya JICA, pengine unafuata magari Yokohama, pengine mwanao anasoma huko na ameamua kukuita ukapate hewa. Ukirudi watu watakuuliza umeona nini. Mlima Fuji kila aliyekutangulia anao kwenye simu. Treni ya kasi nayo imeshazoeleka. Sasa nisikilize mimi: nenda ukaangalie besiboli, keti katikati ya maelfu wanaoimba kwa sauti moja, piga picha uiweke status kabla mechi haijaisha. Nitakupa njia ya mkato ya kupata tiketi, kisha nikufundishe kukaa pale kama mtu aliyezaliwa na timu ile. Kusoma sheria za mchezo si lazima.

Hatua ya kwanza: chagua siku, timu itajileta yenyewe. Besiboli ya kulipwa Japani ina timu 12 katika ligi mbili, Central na Pacific, sita huku na sita kule. Kila timu hucheza mechi 143 za msimu wa kawaida, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Piga hesabu mwenyewe: karibu kila jioni kuna mechi mahali fulani. Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumzika mara nyingi, kwa hiyo usiipangie kitu. Wikiendi waachie wenyeji na watoto wao. Wewe chukua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, mechi inayoanza saa kumi na mbili jioni au karibu na hapo. Viti vipo, na mchana wako wa kazi haujaguswa.

Hatua ya pili: ikimbie mechi kubwa. Yomiuri Giants wa Tokyo na Hanshin Tigers wa upande wa Osaka ndio Simba na Yanga wa kule, watani tangu miaka ya 1930. Tiketi zao hazikai sokoni. Mgeni akishikilia kwamba lazima aione mechi hiyo, mwisho wake huwa ni mlanguzi nje ya uwanja, na hapo mambo si mzaha. Tangu Juni 2019 Japani ina sheria dhidi ya ulanguzi wa tiketi za burudani na michezo: anayezifanyia biashara kwa bei ya kuruka anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, au kutozwa faini ya hadi yen milioni moja, au vyote viwili. Tiketi ya mlanguzi inaweza pia kukataliwa mlangoni. Njia ya mkato inayokufikisha polisi imeshakuwa ndefu. Kama moyo umekwama kwa Tigers, waangalie wakicheza na timu nyingine katikati ya wiki.

Kuna mtego mmoja hapo. Uwanja wa Tigers unaitwa Koshien, umefunguliwa mwaka 1924, na ndio uwanja wenye heshima kuliko yote nchini. Ila mwezi Agosti wenye nyumba huhama. Uwanja hupewa wanafunzi wa sekondari, shule 49 kwa kawaida, waliovuka mchujo wa mikoa yao, na taifa zima husimama kuwatazama. Ukienda Agosti ukitafuta Tigers, utakuta vijana wa shule. Usinung'unike. Wengi wanaoujua mchezo wangechagua kuwaona hao vijana, na mimi niko upande wao.

Hatua ya tatu: jaribu intaneti mara moja tu. Baadhi ya timu zina ukurasa wa Kiingereza wa wageni, Giants wakiwemo. Unachagua kiti, unalipa kwa kadi, unapata tiketi yako, habari imekwisha. Kama timu unayoitaka haina ukurasa huo, usikeshe. Tovuti nyingi za Kijapani zitakudai namba ya simu ya Japani na anwani ya Japani, zitakupitisha kurasa saba, na mwisho kabisa zinaweza kuikataa kadi yako ya benki. Funga kompyuta. Vaa viatu. Nenda dukani.

Hatua ya nne ni duka lenyewe, na hapa nataka unisikilize kwa makini, maana ndipo wageni wanapoishia kukata tamaa. Kila mtaa wa Japani una duka dogo lisilofungwa, na mojawapo ya kampuni kubwa za maduka hayo ni Lawson. Ndani utakuta mashine yenye kioo cha kugusa inayoitwa Loppi. Inakata tiketi za besiboli. Inazungumza Kijapani. Usiogope, umekuja umejiandaa.

Kabla hujatoka hotelini, fanya mambo mawili. Tafuta namba ya mechi unayoitaka. Ni tarakimu tano, na hutangazwa pamoja na tiketi. Kisha mwombe mtu wa mapokezi akuandikie jina lako kwa katakana, herufi za Kijapani, kwenye kipande cha karatasi, kwa maandishi makubwa. Mashine itakuuliza jina lako kwa herufi hizo, na utazibonyeza moja moja ukilinganisha na karatasi. Itauliza pia namba ya simu. Omba kutumia ya mwenyeji wako. Elekeza kamera ya simu yako kwenye kioo na uache programu ya kutafsiri ikusomee. Ingiza tarakimu tano, chagua tarehe, aina ya kiti, idadi ya tiketi, kubali.

Mashine itakutemea karatasi. Hiyo siyo tiketi. Una dakika 30 za kuipeleka kwa mtunza fedha, la sivyo inakufa na unaanza upya. Mpe karatasi, mlipe taslimu, naye atachapa tiketi yenyewe hapohapo na kukupa kwenye bahasha. Usiende saa ya chakula cha mchana, foleni ya watu wenye maboksi ya wali itakumaliza. Nenda katikati ya asubuhi. Mhudumu akikuona umeganda mbele ya kioo, inamisha kichwa kidogo, mwonyeshe namba na karatasi ya jina. Hapo hata bubu anaeleweka.

Hatua ya tano: kata tiketi ya mzunguko. Huko mbali nyuma ya uwanja, ambako tiketi ni za bei ya chini, ndiko mechi ilipo. Mechi ya kawaida kiti cha huko mara nyingi ni kama yen elfu mbili au tatu hivi. Viti vya nyuma ya wavu ni ghali, na waliokaa pale wanatazama kimya, wengine wamevaa suti. Mzungukoni kuna tarumbeta, ngoma na bendera, na kila mpigaji ana wimbo wake. Kuna utaratibu mmoja nitakuomba uushike kama dini: upande wako unaimba timu yako inapopiga tu. Wapinzani wakipiga, upande wako unakaa, unakula, unapumzika, na kelele zinahamia upande wa pili. Kwa hiyo mtu asiyejua chochote ana nusu ya mechi ya kusoma majirani zake na nusu ya kuwaiga. Ifikapo raundi ya tatu kati ya tisa utakuwa unapiga makofi palepale wanapopiga wao.

Angalia tu usikae upande usio wako. Kwa kawaida mashabiki wa nyumbani hukaa upande wa besi ya kwanza na wageni upande wa besi ya tatu, ingawa Seibu Lions wamegeuza. Viwanja vingi haviruhusu nguo za timu ngeni kwenye mzunguko wa wenyeji. Kama umenunua kofia ya Giants jana kwa sababu ya rangi, leo iache chumbani.

Hatua ya sita: vaa taulo, achana na jezi. Jezi ni ghali na itakujazia begi. Taulo ya timu ni bei ndogo, inaning'inia shingoni, inafuta jasho, na kwenye picha inatosha kabisa kukutambulisha. Na kama unataka kuonekana mwenyeji kwa gharama ndogo kuliko zote, nenda Jingu, katikati ya Tokyo, kwa Yakult Swallows. Mashabiki wao hubeba miavuli midogo. Timu ikipata pointi, na tena katika raundi ya saba, uwanja mzima wa upande wao hufungua miavuli na kuichezesha juu na chini huku wakiimba. Nunua mwavuli mdogo pale nje. Ukiufungua kwa wakati wake, jirani atakugeukia na kukugongea mkono bila kukuuliza unatoka wapi. Nasema kwa dhati: katika nchi ambayo mgeni anaweza kupita siku nzima bila mtu kumsemesha, huo mkono ni zawadi kubwa, na hakuna ziara ya hekalu itakayokupa.

Jingu umejengwa mwaka 1926. Babe Ruth mwenyewe, gwiji wa besiboli wa Marekani, alicheza hapo mwaka 1934 alipokuja na nyota wenzake. Upo mpango wa kuubomoa na kujenga mwingine jirani. Kwa hiyo usiseme utakwenda safari ijayo.

Kuhusu tumbo: viwanja vingi vinakuruhusu kuingia na chakula chako. Nunua matonge ya wali na kuku wa kukaanga kwenye lilelile duka la tiketi. Chupa za kioo na makopo haviruhusiwi, lakini mlangoni huwa kuna watu wa kukumiminia kinywaji chako kwenye kikombe cha karatasi. Ndani, wasichana wenye mapipa ya bia mgongoni hupanda na kushuka ngazi mechi nzima; inua mkono tu, anakuja. Usiyekunywa, wapo wenye soda na chai.

Hatua ya saba: namna ya kukosa kwa heshima. Umefika dukani, tiketi zimekwisha. Usilie, wala usimwendee yule mlanguzi pale nje. Timu nyingi zina soko lao rasmi ambako mwenye tiketi asiyeweza kwenda huirudisha kwa mwingine. Uliza hapo kwanza. Ikishindikana, rudi Jingu mchana wa Jumamosi wakati wa msimu wa vyuo, majira ya kuchipua au ya vuli. Ligi ya vyuo vikuu sita vya Tokyo inacheza palepale tangu uwanja ulipokuwa mpya, na mechi za Waseda na Keio zilianza mwaka 1903, zamani kuliko ligi yenyewe. Ukiiacha mechi ya mahasimu hao, tiketi hupatikana mlangoni bila shida. Kuna bendi ya chuo, kuna nyimbo, kuna uwanja uleule wa Babe Ruth. Picha ni ileile. Hakuna atakayekuuliza kama wachezaji walikuwa wanalipwa.

Mechi ya raundi tisa huchukua saa tatu na zaidi. Ukichoka, vumilia mpaka raundi ya saba ipite na nyimbo zake, kisha unaweza kuwahi treni bila aibu. Wakilingana, wanaongeza hadi raundi ya 12, na wakiwa bado sawa mechi inahesabiwa sare na kila mtu anakwenda nyumbani. Marekani sare haipo, unaweza kukesha.

Na kwa kuwa nimeitaja Marekani, wewe unayekwenda Boston au Chicago geuza ushauri wangu wa walanguzi juu chini. Kule kuuziana tiketi mitandaoni ni biashara halali, na timu 30 zenye mechi 162 kila moja zinabakiza viti vingi. Subiri. Bei za viti vya kawaida mara nyingi hushuka saa chache kabla ya mechi, kwa sababu muuzaji anajua mechi ikianza ameshika hewa. Kata tiketi kwenye simu ukiwa tayari karibu na uwanja. Viwanja vya miji hiyo miwili, Fenway wa mwaka 1912 na Wrigley wa mwaka 1914, usivitegemee sana kwa hilo; vinajulikana dunia nzima na bei zake zinajijua.

Ukirudi Dar es Salaam, usiuweke mwavuli wako ukutani ukadhani hadithi imekwisha. Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, umefunguliwa Desemba 2018, nao unaitwa Koshien. Vijana wetu wanacheza hapo mashindano ya taifa ya sekondari, na jukwaani watu ni wachache mno. Wewe sasa unajua wakati wa kuimba na wakati wa kukaa kimya. Nenda ukawapigie makofi, na uwapeleke wenzako wawili.