Nyegere Mhazini

Katika pori la miombo upande wa Sikonge, mkoani Tabora, wanyama waling'amua kwamba warina asali wote wamezeeka. Vijana wa Ngedere walishinda kando ya barabara kuu wakingojea maganda ya ndizi kutoka kwenye mabasi. Mkutano ukaitishwa, ukaazimia kuanzisha Mfuko wa Kuwawezesha Vijana katika Ufugaji Nyuki. Fisi akawa mwenyekiti kwa kuwa sauti yake hufika mbali. Uhazini akapewa Nyegere, maana hakuna aliyemzidi kwa uzoefu wa asali.

Robo ya fedha iliishia kwenye semina, robo nyingine kwenye posho za kuitathmini semina. Zilizobaki zikanunua mavazi ya kinga na mizinga 200 ya kisasa. Ikapakwa rangi ya manjano, ikapangwa juani kando ya barabara ili mgeni rasmi, Mheshimiwa Pofu, asichafue kwato. Akakata utepe, akapigwa picha, akaondoka.

Ndipo vijana wakasomewa masharti: waunde vikundi vya watano watano, wawe na katiba, muhuri na akaunti ya benki, marejesho yaanze baada ya siku 30.

Ngedere mmoja akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mzee Mhazini. Nyuki wenyewe wataingia lini?"

"Marahaba, mwanangu. Nyuki hawamo kwenye bajeti."

Kweli hawakuwamo. Mizinga haikupakwa nta ya kuwavuta, haikuwa na kivuli, na mti wa mtundu ulikwisha kuchanua. Wakahamia mijusi. Michache iliyopata nyuki ilivamiwa na siafu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kupaka grisi miguu ya chanja. Mingine ilikutwa imebomolewa usiku, na Mhazini akaiongoza tume ya uchunguzi huku pua yake imevimba. Rejesho la kwanza vijana walililipa kwa kuuza mavazi ya kinga. La pili liliwakuta mjini.

Yule aliyeuliza swali hakwenda mjini. Alimfuata Mzee Nyani, mrina wa siku nyingi.

"Babu, sina hata shilingi."

"Nyuki nao hawana akaunti," akajibu mzee, akamkabidhi mizinga miwili ya magome, imetundikwa mtini, nyuki wamo ndani. "Mwaka mzima utapanda pamoja nami. Utajifunza kupuliza moshi bila kuunguza pori, kukata sega lililozibwa na kuliacha lenye majana. Ukirina, sega moja katika kila manne ni langu. Nyuki wako wakigawanyika, mzinga mmoja umpe kijana mwenzako, nawe umfundishe."

"Na nisipopata asali?"

"Basi nami sitakula. Ndiyo maana nitapanda nawe. Humwoni Mlembe? Hutuongoza mpaka kwenye nyuki, na nta yake huipata tukisharina. Angelipwa kabla, angetuonyesha mti wowote."

Misimu mitatu ikapita. Ngedere saba wakawa warina, kila mmoja na mwanafunzi wake, na asali yao ikawa inagombewa sokoni. Habari zikaifikia Kamati ya Mfuko, nayo ikaja kukagua.

"Mmetumia kiasi gani?" akauliza Fisi.

"Fedha hatukuwa nazo, mzee. Tumetumia misimu mitatu."

Nyegere akaipekua fomu yake juu mpaka chini. Palikuwa na safu ya mafuta ya gari, safu ya chai na vitafunwa, safu ya fulana na kofia. Safu ya misimu haikuwamo.

"Mradi usio na matumizi haukaguliki," akatangaza, huku akiramba kidole alichochovya kwenye ndoo ya kijana.

Taarifa ya mwaka ikaandikwa kwamba Mfuko umegawa mizinga 200, sawa na asilimia 100 ya lengo. Wale Ngedere saba waliingizwa kwenye jedwali la mwisho, chini ya kichwa "Vijana ambao bado hawajafikiwa", na fedha za kuwafikia zikaombwa upya.