Jichore Mwenyewe, Kisha Upige Hodi kwa Wakubwa

Kwanza, simu ipeleke chumba kingine. Kamera ikishikwa karibu na uso huvimbisha pua na kuyasukuma masikio nyuma, nawe utamaliza jioni nzima ukichora pua ambayo huna. Tafuta kioo, hata kile cha kabatini. Kaa ubavuni mwa dirisha, shavu moja lipate mwanga na jingine libaki kivulini. Na usitabasamu. Tabasamu halidumu dakika tano. Mdomo ukichoka, utamchora mtu anayeumwa jino.

Sasa pima. Macho yako katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Utabisha, maana karibu kila anayeanza huyapandisha hadi kwenye paji na kujinyima ubongo. Amini kipimo.

Kwenye rangi sina masihara: penseli moja ya kahawia haitoshi ngozi nyeusi. Litazame shavu lako vizuri. Kuna wekundu puani, zambarau chini ya macho, na buluu ya anga pale paji linapong'aa. Anza na manjano ya udongo kwa mkono mwepesi, juu yake nyekundu iliyokolea, kisha buluu kwenye kivuli. Kahawia itajitokeza yenyewe, tena ikiwa hai. Penseli nyeusi ilale kisandukuni hadi mwisho. Ukikandamiza mapema, nta ya penseli itajaza vishimo vya karatasi na rangi inayofuata itateleza tu. Ile nukta ya mwanga ndani ya jicho usiiguse: ni weupe wa karatasi, na ukishaufunika haurudi.

Utakwama. Hapo ndipo pa kufungua kitabu cha picha na kupiga hodi kwa wakubwa wa uchoraji, lakini usiende bila swali. Albrecht Dürer alijichora mwaka 1484 akiwa na miaka 13, akijitazama kiooni, kwa kijiti cha fedha ambacho alama yake haifutiki. Muulize anaishije bila raba. Van Gogh hakuwa na pesa za kuwalipa watu wamkalie, kwa hiyo alijichora zaidi ya mara 20 huko Paris. Muulize kijani inakaaje usoni bila kumfanya mtu aonekane mgonjwa.

Kwa Chéri Samba wa Kinshasa, kaa sana. Katika *J'aime la couleur*, mchoro wake wa 2003, ameshika brashi mdomoni, na kichwa chake kinajikunjua kama utepe, katikati yake anga likionekana. Bado ni yeye, unamtambua mara moja. Kumbe uso hauhitaji kubaki mzima ili ufanane na mwenyewe! Mimi ningempeleka kwake kila mwanafunzi anayetetemekea kosa.

Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya ubao. Wengi humwazima wanyama wake. Wewe azima usuli wake: rangi moja iliyotulia, inayomwacha aliye mbele ajitokeze.

Ukipata jibu, funga kitabu, rudi kiooni. Kinachobaki mkononi kitabu kikiwa kimefungwa ndicho chako.

Rembrandt alijiweka kwenye michoro kama 80, tangu ujanani hadi 1669, mwaka aliofariki. Kwa hiyo andika tarehe nyuma ya karatasi, chonga penseli zote upya, na uanze mchoro wa pili.