Kompyuta Niliyouziwa Bado Ina Bosi Wake

Tangu Jumapili baba mkwe anampigia binti yake simu kila jioni, wanaongea mpaka salio linakata, na mimi siulizwi hata hali. Najua anachowaza. Anawaza kwamba alimwoza mwanawe kwa mwizi wa kompyuta.

Jumapili hiyo wanakikoba wa mke wangu walikuwa wamejaa sebuleni, katibu amekuja na hesabu zao kwenye flashi, na mimi nimekwisha kutangaza tangu asubuhi kwamba habari za kwenda stesheneri kuprinti zimekwisha, nyumba hii ina kompyuta yake, ile niliyouziwa na ofisi nilipoagwa. Baba mkwe, karani mstaafu wa mahakama, alipewa kiti cha mbele kabisa kwa heshima ya umri na udhaifu wa macho. Nikabonyeza kitufe. Feni ya sipiyu ikavuma, skrini ikawaka, na mahali pa picha ya wajukuu niliyoiahidi likatokea pazia jeusi lenye maandishi meupe ya Kiingereza.

Mzee akavaa miwani. Miaka yote aliyowasomea washtakiwa mashtaka yao mbele ya hakimu ikamrudia kooni. Akakisoma Kiingereza chote, hakuruka mkato, kisha kwa faida ya wanakikoba akatafsiri kwa sauti ileile: kwamba kifaa hiki ni mali ya kampuni, kwamba kila kinachofanyika humu kinafuatiliwa, na kwamba yeyote atakayekitumia bila idhini atachukuliwa hatua za kisheria.

Sebule ikanyamaza. Sanduku la kikoba, lile la bati lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti, lilikuwa sakafuni karibu na miguu yangu. Nikamwona mweka hazina akinyoosha kidole gumba cha mguu, akalinasa sanduku kwenye kishikio chake, akalivuta taratibu mpaka likaingia chini ya kanga yake.

“Mkwe,” mzee akaniuliza, “risiti unayo?”

Risiti ninayo. Tena ina muhuri. Tatizo ni kwamba kompyuta haisomi risiti.

Nikaandika jina langu na neno langu la siri la kazini, ikafunguka. Nyuma ya skrini ikatokea Dira na Dhamira ya kampuni, herufi za dhahabu, na picha ya wafanyakazi wanaocheka ambao hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona. Katibu akachomeka flashi yake. Ikakataliwa: vifaa vya aina hiyo vimezuiwa na msimamizi wako. Tulipokuwa tunabishana msimamizi wangu ni nani, dakika tano zikapita, skrini ikajifunga, na lile onyo likarudi. Safari hii mzee hakuhitaji miwani. Alikuwa ameshalishika kwa kichwa.

Hapa lazima nieleze, maana tangu siku ile nakesha na jambo hili, na linavutia kuliko linavyostahili. Ile sipiyu unayoiona juu ya meza ya ofisi haina mamlaka juu ya nafsi yake. Siku inapoingia kazini huunganishwa na seva, na kuanzia hapo seva ndiyo huamua nani aingie, nani aongeze programu, picha gani ikae nyuma ya skrini na skrini ijifunge baada ya muda gani. Mpango huo unaitwa Active Directory. Microsoft iliutoa pamoja na Windows 2000, na hadi leo maofisi mengi duniani yanauendesha. Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba kompyuta yenyewe nayo huandikishwa kama mtumishi. Ina jina, ina akaunti, na ina neno lake la siri ambalo hakuna binadamu anayelijua. Kwa kawaida kila baada ya siku 30 hulibadilisha yenyewe na kuiarifu seva, bila kukumbushwa na mtu. Sisi wenye akili tulikuwa tunalazimishwa kubadilisha ya kwetu, tukawa tunaongeza namba moja mwishoni.

Kazi ya kutambuana ina mlinzi wake. Utaratibu huo ulibuniwa chuoni MIT, Marekani, katika miaka ya 1980, ukapewa jina la Kerberos, yule mbwa wa vichwa vitatu ambaye katika hekaya za Wagiriki hulinda mlango wa kuzimu. Mtu hapeleki neno lake la siri kila mlango; hupewa tiketi yenye muda maalumu, akaenda kuionyesha. Na kwa sababu tiketi inaweza kunaswa njiani na mjanja akaitumia baadaye, mbwa huyu ana wazimu wa saa. Saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, anakataa, hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Ndiyo maana kompyuta ya ofisini ambayo kile kibetri chake cha duara, CR2032, kimekufa, na kila ukiiwasha inadhani tuko mwaka mwingine, watu huapa kwamba imerogwa.

Sasa, ikiwa seva iko ofisini mjini na mimi niko sebuleni kwangu Mbagala, niliingiaje? Hili ndilo lililonitoa usingizini. Windows, isipoagizwa vinginevyo, hutunza ndani yake kumbukumbu za watumiaji 10 wa mwisho walioingia kwa idhini ya seva, ili mfanyakazi aliye safarini asikwame. Kwake mimi ni kama mtu ambaye mlinzi wa getini amemzoea sura na hajaambiwa kwamba alishaondoka. Akaunti yangu ilishafutwa, kadi yangu ya mlangoni ilishazimwa, kiti changu kina mtu. Katika kampuni nzima, aliyebaki bila habari ni hiyo kompyuta. Ingependa niendelee kuripoti kazini.

Kuitoa kwenye himaya hiyo, kwa mwenye ruhusa, ni kazi ya dakika chache: unaingia kwenye mipangilio, unaiondoa kwenye domeni ya ofisi, unaizima na kuiwasha. Lakini kompyuta inataka kwanza neno la siri la msimamizi. Nikapiga simu ofisini. Kijana wa TEHAMA, mpole kabisa, aliniambia nisiwe na wasiwasi, nifungue tu tiketi kwenye mfumo wa maombi. Mfumo wa maombi unafunguliwa kwa barua pepe ya kazini. Barua pepe yangu ya kazini ilifungwa kabla keki ya kuniaga haijakatwa. Nikamweleza. Akasema anaelewa, na kwamba hilo nalo linahitaji tiketi.

Nikaitia sipiyu kwenye shangazi kaja, nikapanda daladala hadi Kariakoo. Fundi aliitazama kwa jicho moja. “Bosi, hii tunapiga Windows tu, unasubiri hapahapa na soda yako.” Nikaagiza soda. Akachomeka flashi yake, akaingia kwenye BIOS, akaiambia kompyuta iwake kupitia flashi badala ya diski. Ikawaka bluu. Ikaomba tarakimu 48.

Umeme wa Luku tunaununua kwa tarakimu 20, na hizo tu, taa zikiwa zimezima na simu iko asilimia tatu, zimeshavunja ndoa. Hizi ni 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita, nazo ni ufunguo wa akiba wa kufuli la diski liitwalo BitLocker. Ndani ya mashine kuna chipu ya TPM ambayo imeshika ufunguo halisi, na hutoa pale tu inapoona kompyuta inawaka kwa njia ileile iliyozoeleka. Fundi alipogusa mpangilio wa kuwaka, chipu ikashuku wizi, ikafumba mkono. Kwa nini tarakimu 48? Chukua fungu lolote katika ufunguo huo, ligawanye kwa 11: halibaki kitu. Ukikosea tarakimu moja, au ukipindua mbili zinazofuatana, fungu hilo haligawanyiki tena kwa 11, na mashine inajua papo hapo umekosea wapi. Ukiondoa huo ulinzi wa makosa, kinachobaki ndani ni namba ya biti 128, yaani chaguo zinazohesabiwa kwa namba yenye tarakimu 39. Mtu aliyebuni hivi alikuwa na huruma na wanaoandika kwa kidole kimoja. Huruma yake haikunifikia, kwa kuwa ufunguo wenyewe uko kwenye seva ya ofisi, na kuupata ni tiketi.

Fundi akafuta diski nzima. Ikaenda na orodha ya ahadi za michango ya harusi ya shemeji yangu. Wadaiwa bado hawajui.

Usiku ule, nyumbani, Windows ikiwa mpya kabisa, nikaiunganisha na hotspoti ya simu yangu, kwa bando langu. Ikawaza kidogo. Kisha, juu ya diski isiyo na chembe ya kumbukumbu, ikaandika kwa herufi kubwa: Karibu, na jina la kampuni. Chini yake nembo, na chini ya nembo, kisanduku: weka barua pepe yako ya kazini.

Mke wangu alipita na sufuria, akasoma, akasimama. “Baba Neema, wamekurudisha kazini?”

Huu ni mpango uitwao Autopilot. Alama za mashine, zikiwamo namba za vipande vyake vya ndani, huandikishwa kwenye orodha ya mwajiri iliyoko intaneti. Ukiifuta diski, ukibadilisha diski, ukiisimika Windows upya, siku ya kwanza ikionja intaneti inauliza huko juu “mimi ni wa nani?” na inajibiwa. Kwa ofisi ni mpango mzuri: laptopu ikiibwa, mwizi hapati raha. Kuitoa mashine kwenye orodha, msimamizi huitafuta kwa namba yake, akaifuta. Miongozo ya Microsoft yenyewe inaagiza ifanyike hivyo kifaa kinapoondoka mikononi mwa taasisi.

Na hapa kicheko kinaniishia. Mimi sikuokota kompyuta hii. Nilikatwa hela yake kwenye malipo yangu ya mwisho, na makato hayo hayakuhitaji tiketi. Sheria ya Kodi ya Mapato inazipa kompyuta uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka juu ya thamani iliyobaki. Piga hesabu: mashine iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 2, baada ya miaka mitano inabaki na thamani ya kama laki moja na tisini elfu kwenye hesabu za kodi. Mimi nimelipa zaidi ya hapo. Walikumbuka kunifutia barua pepe, kadi, hata jina langu kwenye kundi la WhatsApp la idara, yote kabla ya saa kumi jioni. Kazi ya kufuta mstari mmoja, ule ambao ungefanya kilicho changu kiwe changu, ndiyo iliyokosa mwenyewe. Kama huo si ukodishaji kwa bei ya kununua, basi mimi sijui biashara. Aliyeandika onyo la kushtaki watu alilipwa mshahara kuliandika. Wa kuliondoa hayupo kwenye muundo.

Fundi alinishauri kwa simu kwamba dawa ni kuinyima intaneti wakati wa kusimika, inapita bila kuuliza. Nikakataa. Siwezi kuingia kupitia dirishani kwenye kitu nilicholipia. Isitoshe Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Hii yangu haimo. Nikaweka Linux Mint. Iliniuliza jina langu, ikaniuliza kompyuta niiteje, ikanipa usimamizi wote bila kumpigia mtu simu. Autopilot haina habari nayo.

Mengine yalikuwa madogo. Nilipotaka kuiunga na televisheni yetu, sipiyu ina tundu la DisplayPort na televisheni ina la HDMI, nikarudi Kariakoo kwa ajili ya kebo. Spika haina, inalia “tii” tu. Printa ilichapa hesabu za kikoba kwa rangi ya waridi.

Msimu huu kompyuta za namna hii zitajaa mitaani, maana ofisi zinazihama kwa sababu hizohizo za Windows 11, na bei yake itakuvutia. Nunua, ni mashine ngumu, zitakutunza miaka. Ila kabla hujatoa shilingi, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa imeshafutwa, aiunge na intaneti ya simu yako, na mwone pamoja anayekukaribisha ni nani. Akikukaribisha mtu usiyemjua, iache mezani. Na kama unauziwa na mwajiri wako, dai barua yenye muhuri inayosema mambo matatu: imetolewa kwenye domeni, imefutwa kwenye orodha ya vifaa vya kampuni, na neno la siri la BIOS limeondolewa. Dai barua hiyo ukiwa bado mfanyakazi, maana ukishaondoka utaambiwa ufungue tiketi.