Namna ya Kumiliki Wiki Moja Florida Bila Kuaibika

Kama uko Dallas au Minneapolis, una kazi mbili, na huku nyumbani wameshaanza kuuliza umejenga nini huko, mwongozo huu ni wako. Jibu lipo Orlando. Linaitwa taimushea: nyumba ya likizo ya zamu, wewe na wenzako hamsini na mmoja, kila mtu na wiki yake kwenye mwaka. Wengi huingizwa mjini na kitu hiki kisha wakalia hadharani. Wewe utaingizwa mjini kistaarabu.

1. Kubali kifungua kinywa.

Kijana mchangamfu atakusimamisha kwenye kibanda cha barabara ya watalii, akupe tiketi za Disney kwa bei ya kutupa. Sharti ni moja tu: uhudhurie maelezo ya dakika tisini. Vua saa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwahi kupikiwa mayai na soseji bure huku watoto wao wakichezeshwa chumba cha pili. Dakika tisini zikishapita mara mbili, atakuja meneja na bei ya leo tu, ambayo kesho haipo. Akikuuliza kama wewe ndiye mwenye kauli nyumbani, jibu kwa sauti nzito. Mkeo anasikia. Sahihi itakuja yenyewe.

2. Ogopa siku kumi za mwanzo.

Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa fedha zake, bila kutoa sababu yoyote, na muuzaji haruhusiwi kukushawishi uiache haki hiyo. Tena imeandikwa humohumo kwenye mkataba! Ni hatari kubwa. Dawa yake ni begi: tia mkataba chini kabisa, juu yake panga viatu vyenye mchanga, rudi nyumbani, shika zamu za usiku. Ukija kulifungua begi wiki ya tatu, hatari imeshapita.

3. Tangaza mapema.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, andika kwamba mmechukua nyumba Florida. Weka picha ya bwawa, ya mitende, na moja yako umeegemea gari la kukodi. Mjomba akiuliza ukubwa wa kiwanja, mtandao umekatika.

4. Barua ya ada ifungue ukiwa umekaa.

Huja mwisho wa mwaka, sambamba na karo ya mpwa wako wa kidato cha pili. Wastani wa ada ya matengenezo Marekani umeshavuka dola 1,000 kwa mwaka, na unalipa uende usiende. Mtu wa hesabu angezidisha mara wiki 52, akaona kwamba chumba kimoja kinaweza kukusanya zaidi ya dola 52,000 kwa mwaka, na chumba chenyewe wenyewe mlikwisha kukinunua. Usiwe mtu wa hesabu. Ada ikipanda, sehemu ya nyongeza ni ya haki, tuseme kweli: bima ya majengo Florida imepanda sana, na kimbunga Ian cha Septemba 2022 hakikuwa uzushi. Ndiyo maana mwaka mwingine utaletewa pia mchango maalumu, nje ya ada. Sehemu iliyobaki ya nyongeza haina maelezo, na mtu mwenye nyumba Florida haombi maelezo ya senti. Lipa, kisha lalamika kwamba kodi za matajiri zinaumiza.

5. Ukifika, usiangalie taulo.

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Foleni ya mapokezi ina familia kumi na mhudumu mmoja, naye anajifunza kazi. Chumbani taulo ni mbili na nyinyi ni sita. Kifuniko cha betri za rimoti kimefungwa kwa selotepu, na selotepu yenyewe imeshika vumbi la wageni wa zamani. Usafi wa kila siku umefutwa kwa ajili ya kulinda mazingira, kwa hiyo utabeba takataka zako mwenyewe, na kandambili, kupitia bwawa la kuogelea hadi nyuma ya maegesho. Salimia watu njiani kama mwenye mali anayekagua mali yake.

Sasa tazama ile meza nyingine pale mapokezi, yenye maua. Ina wahudumu wanne na haina foleni. Ndipo inapotolewa karatasi ya kuegeshea gari. Ukiomba karatasi unapewa pia miadi: kesho saa tatu asubuhi, kwa ajili ya taarifa mpya za wamiliki. Nenda. Mwaga yote, ya taulo, ya takataka, ya ada. Muuzaji wa pale atakubaliana nawe kwa kila neno, karibu atoe machozi, kisha atakueleza kwamba tatizo lako ni daraja. Wewe umekwama kwenye utaratibu wa zamani, wa wiki. Siku hizi watu wana pointi. Kwa maelfu machache ya dola, yenye riba inayofukuzana na ile ya kadi ya mkopo, utapanda hadi Platinamu. Nunua. Mtu aliyesikilizwa hulipa kwa moyo mkunjufu. Utapewa kadi ya rangi nyingine, na utaipeleka kwenye foleni ileile.

6. Zipende ada ndogondogo.

Ipo ya kuweka nafasi, ya kuahirisha, ya kukopa pointi za mwakani. Na ukitaka kumpa binamu yako wiki yako, yaani nyumba yako, utalipia cheti cha mgeni. Mwambie binamu hiyo ni nauli.

7. Badilishana, ukiweza.

Uliahidiwa kwamba wiki yako ya Orlando unaweza kuibadilisha na ya Paris. Yawezekana. Wiki yako ni ya Septemba, watoto wako shuleni na vimbunga viko njiani. Subiri Mfaransa anayependa upepo.

8. Uza kwa hadhi.

Ukikuta wiki kama yako inauzwa dola moja huko mtandaoni, isikuvunje moyo, hata usipopata wa kuitoa dola hiyo. Siku moja utapigiwa simu na bwana mwenye sauti laini: amepata mnunuzi Mexico, tajiri, ana haraka. Kinachotakiwa ni wewe kutanguliza kodi ya huko. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo kwa watu na kampuni za Puerto Vallarta kwa utapeli wa aina hii, ikiuhusisha na genge la dawa za kulevya la Jalisco. Kwa hiyo ukituma hizo fedha, usikubali mtu aseme umelizwa na vibaka. Umelizwa na watu wanaojulikana hadi Washington.

9. Rithisha ungali hai.

Mikataba mingi ya zamani haina mwisho, na ada humwandama mrithi, labda akatae urithi kwa maandishi. Hilo la kukataa usiwaambie watoto. Lakini kwa nini ungoje kufa? Yupo mpwa anayeoa Desemba. Tia hati kwenye bahasha nyekundu, mpe MC aisome mbele ya wakwe: nyumba, Florida! Ukumbi utalipuka kwa vigelegele, na bwana harusi hawezi kuirudisha bahasha mbele ya mama mkwe. Ada ya kuhamisha jina ilipe wewe, kimyakimya, na risiti uichane. Kisha jitoe kwenye kundi la ukoo kabla ya Januari.